Mcheza Kwao na Mwenye Kutuza: Habari za Chuo cha Sanaa cha Bagamoyo

Wahenga wetu walisema kwamba mcheza kwao hutuzwa. Methali hii hutajwa aghalabu kwa kumtia moyo mtu afanyaye kazi yake nyumbani, lakini ndani yake wamo watu wawili wanaostahili kuangaliwa na mwanahistoria: yuko mchezaji, na yuko mwenye kutuza. Katika pwani yetu ya kaskazini, tangu mipaka ya Vanga hata Bagamoyo, mwenye kutuza alikuwa jirani. Mwenye harusi alituza, mwenye kutahirisha alituza, na mwenye kuomba mvua au shukrani alituza. Mchezaji naye hakufunzwa na mtu wa mshahara. Binti alijifunza ngoma kwa somo yake wakati wa unyago. Kijana alijifunza kupiga matari kwa kukaa pembeni mwa wakubwa katika maulidi. Fundi wa zumari alimrithisha mwanawe au mpwawe ufundi wake. Elimu hiyo ilikuwa elimu kamili, ila haikuwa na jengo, haikuwa na mtihani, wala haikuwa na hazina.

Makala haya yahusu mambo yaliyotokea pale serikali ilipoamua kushika kazi ya somo na kazi ya mwenye kutuza kwa mkono mmoja. Nia yangu ni kueleza asili ya chuo cha sanaa cha umma kilichoko Bagamoyo, sababu ya kufaulu kwake, na hatari inayokikabili. Lakini sitaanzia Bagamoyo. Nitaanzia Tanga, kwa kuwa huko twapata mfano wa kale wa serikali kufundisha muziki darasani, na mfano huo wafundisha mengi.

Mapema katika miaka ya 1890 Wajerumani walifungua shule ya serikali mjini Tanga. Shule hiyo haikuwa ya misheni. Lugha yake ilikuwa Kiswahili, na kusudi lake lilikuwa kupata makarani, walimu na watumishi wa daraja la chini waliohitajiwa na utawala mpya. Pamoja na kusoma, kuandika na hesabu, wanafunzi walifunzwa kazi za mikono, na miongoni mwa kazi hizo ilikuwa uchapaji. Gazeti la Kiongozi, lililoendelea kutoka tangu mwaka 1904 hata 1916, lilitokana na Tanga, na kwa njia yake Waafrika wengi waliona maandishi yao kwa Kiswahili yamepigwa chapa kwa mara ya kwanza. Kadhalika shule ilikuwa na bendi ya wavulana waliopiga tarumbeta na ngoma za Kizungu, wakatumbuiza katika sherehe za serikali.

Tusidanganyike tukadhani kwamba bendi ile iliundwa kwa mapenzi ya sanaa. Serikali iliyotawala kwa nguvu ilitaka sauti ya kutembelea askari wake na ya kupamba sikukuu za Kaisari. Muziki ulikuwa sehemu ya sare. Hata hivyo, ufundi ukishatiwa katika mikono ya mtu, aliyeutia hana uwezo wa kuutoa. Katika miji ya pwani, kuanzia upande wa Lamu na Mombasa katika miaka ya 1890, ngoma ya beni ilikuwa imekwisha zaliwa, na jina lake lenyewe latoka katika neno bendi. Watu walichukua tarumbeta, sare, vyeo na mwendo wa gwaride, wakavitia katika mashindano yao wenyewe, mtaa kwa mtaa, wakajiita Marini na Arinoti. Mwanahistoria Terence Ranger, katika kitabu alichokitoa mwaka 1975 juu ya ngoma hiyo, alionyesha jinsi mashindano hayo yalivyoenea toka pwani hata bara, yakifuata njia za askari, makarani na wafanya kazi. Hivyo kitu kilichotolewa na mtawala kwa faida yake kiligeuzwa kuwa mali ya watu, na mwenye kutuza akawa jirani tena.

Waingereza walipouteka mji wa Tanga mwaka 1916, shule ilipita katika mikono mingine, na kwa muda mrefu iliendelea kuwa miongoni mwa shule mashuhuri za serikali katika Tanganyika. Lakini sanaa haikuwa kiini cha masomo yake. Aliyetaka kuwa msanii Tanga hakwenda shuleni. Alikwenda kwenye chama. Mtu aliyetembea jioni kutoka Usagara kuelekea barabara za Ngamiani, katika miaka ya kabla na baada ya uhuru, aliweza kusikia mahali pamoja bendi ya dansi ikifanya mazoezi, na mahali pengine waimbaji wa taarabu. Huko ndiko walikotokea Atomic Jazz na Jamhuri Jazz. Ndiko walikotokea Black Star na Lucky Star, vyama vya taarabu vilivyolipa jina la Tanga sifa katika Afrika ya Mashariki nzima. Marehemu Shakila Saidi, aliyefariki mwaka 2016, alikulia katika sanaa hiyo ya vyama, wala hakuhitaji ukumbi wa serikali ili sauti yake ijulikane. Chama kilikuwa shule: kilikuwa na ada, kilikuwa na walimu, kilikuwa na nidhamu, na hukumu yake ilitolewa na wasikilizaji usiku uleule.

Kwa hiyo, uhuru ulipopatikana mwaka 1961, pwani ilikuwa na urithi wa namna mbili. Ulikuwako urithi wa shule ya serikali, yenye mpango na vyombo lakini iliyofundisha kwa faida ya mtawala. Na ulikuwako urithi wa somo na chama, wenye uhai lakini usio na ulinzi. Swali lililobaki lilikuwa hili: je, serikali ya wananchi yaweza kuviunganisha viwili hivi, ikawa na shule yenye vyombo na mpango, na papo hapo ikawa na uhai wa chama?

Jibu la kwanza lilitolewa Dar es Salaam tarehe 10 Desemba 1962. Mwalimu Julius Nyerere, akihutubia Bunge kwa mara ya kwanza akiwa Rais wa Jamhuri, alitangaza kuundwa kwa wizara ya utamaduni wa taifa na vijana. Katika hotuba hiyo aliwalaumu wasomi waliojua kucheza dansi za Kizungu lakini hawakuzijua ngoma za wazee wao, akataja baadhi ya ngoma hizo kwa majina, na mojawapo ikawa lelemama, ngoma ya wanawake wa pwani. Haukupita muda mrefu kikaundwa kikundi cha taifa cha ngoma. Vijana wengine walipelekwa China kujifunza sarakasi, na waliporudi likaanzishwa kundi la taifa la sarakasi mwaka 1969. Katika miaka ya 1970 kikaongezwa kikundi cha maigizo.

Vikundi hivi vilifanya kazi kubwa, lakini vilikuwa na upungufu wa asili. Kikundi cha taifa ni kama taa ya sebuleni: huwaangazia wageni, wala hakiwashi taa nyingine. Wachezaji hamsini wakizeeka, ufundi wao huzeeka pamoja nao. Isitoshe, ngoma iliyotolewa kijijini ikafupishwa ili imalizike kabla ya mgeni wa heshima kuangalia saa yake, huanza kupoteza maana iliyokuwa nayo pale ilipochezwa usiku kucha. Kwa sababu hizo, na kwa sababu ya gharama, vikundi vilivunjwa, na mwaka 1981 kikafunguliwa Chuo cha Sanaa cha Bagamoyo. Badala ya kuwalipa wachache wacheze, serikali iliazimu kuwalipa wachache wafundishe. Hapana budi tuseme wazi kwamba mabadiliko hayo yalikuwa ya busara kuliko ilivyodhaniwa wakati ule.

Bagamoyo palifaa kwa jambo hilo. Ulikuwa mwisho wa njia ya misafara itokayo bara. Ulikuwa makao makuu ya Wajerumani hata mwaka 1891, serikali yao ilipohamia Dar es Salaam. Tena ni mji wa Waswahili wenye madrasa, maulidi na ngoma zake. Mtu wa bara hakuwa mgeni kabisa hapo, kwani baba zake walifika miaka mingi iliyopita, wengi wao wakiwa wamebeba mizigo isiyokuwa yao. Chuo kilijengwa karibu na bahari, kikafundisha ngoma, muziki, maigizo, sarakasi, uchoraji na uchongaji. Mwaka uliofuata, yaani 1982, kilianzisha tamasha la kila mwaka, ambalo mwaka 2021 lilifanyika kwa mara ya 40. Tamasha hilo si pambo tu. Ni mtihani wa hadhara: mwanafunzi husimama mbele ya watu wa mji, na watu wa mji hawajali alama alizopewa na mwalimu wake.

Lakini siri ya chuo hiki haikuwa katika majengo wala katika orodha ya masomo. Ilikuwa katika namna kilivyopata walimu. Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam sanaa za maonyesho zilikuwa zimekwisha anza kufundishwa tangu miaka ya 1960, na huko palitokea waandishi wa tamthilia walioipa fasihi yetu heshima kubwa. Njia ya chuo kikuu, hata hivyo, ni kumpandisha mtu kwa shahada. Bagamoyo, kwa kuwa kilirithi watu wa vikundi vya taifa, kilifungua mlango mwingine. Kilimweka kitini mwa mwalimu mtu ambaye cheti chake kilikuwa mikononi mwake.

Mfano ulio bora ni wa marehemu Hukwe Zawose. Huyu alikuwa Mgogo wa Dodoma, aliyeingia katika kikundi cha taifa katika miaka ya 1960, kisha akaishi na kufundisha Bagamoyo. Alipiga ilimba, zeze na filimbi. Aliimba kwa sauti iliyoweza kushuka chini kabisa ikapanda juu kabisa. Na katika miaka ya 1990 na baada yake nyimbo zake zilitolewa na kampuni ya Real World ya Uingereza, zikasikilizwa na watu wasiojua neno hata moja la Kigogo. Muziki hakuupata katika chuo chochote, aliupata kwao. Lakini chuo kilipata kwake kitu ambacho hakuna mtaala uwezao kukiandika. Mwanafunzi aliyekaa miguuni pake hakujifunza ilimba tu, bali alijifunza jinsi ya kuitengeneza, jinsi ya kuisikiliza kabla ya kuipiga, na heshima impasayo mtu mbele ya chombo. Zawose alifariki tarehe 30 Desemba 2003, na ukoo wake uliobaki Bagamoyo ukaendeleza kazi. Mwaka 2024 Pendo na Leah Zawose, kwa jina la The Zawose Queens, walitoa albamu yao iitwayo Maisha. Wanawake waliokuwa wakisimama nyuma ya waimbaji wanaume wamesogea mbele. Hayo ni matunda ya mti uliopandwa kwa fedha ya umma, ingawa hakuna daftari la serikali lililoyahesabu.

Uadilifu wanitaka niseme pia kile ambacho chuo na siasa iliyokizaa havikukifanya vema. Serikali ichaguapo sanaa ya taifa, hapana budi huacha nyingine nje. Katika miaka ya kwanza baada ya uhuru, ngoma za bara zilipewa kiti cha mbele, na taarabu ya pwani ikatazamwa kwa shaka, kana kwamba asili yake ya Kiarabu ilikuwa imeivua uraia. Msomi Kelly Askew, aliyefanya uchunguzi wake Tanga na kutoa kitabu mwaka 2002, ameonyesha jinsi taarabu ilivyokosa nafasi katika picha hiyo ya taifa, na jinsi ilivyorudi baadaye kwa nguvu ya wapenzi wake. Tanga, mji uliokuwa shule kubwa ya muziki bila kuitwa shule, haukupata chuo. Sisemi hayo kwa wivu wa mji na mji. Nasema ili tukumbuke kwamba sanaa ya Tanga ilidumu kwa sababu wenye kutuza walikuwa wengi: kama serikali haikutuza, harusi ilituza. Chuo cha umma hakina harusi. Mwenye kukituza ni mmoja, na mmoja akibadili nia, chuo hutikisika.

Ukweli huo ulidhihirika mwaka 2002, ukumbi mkubwa wa maonyesho wa chuo, uliokuwa umeezekwa makuti, ulipoteketea kwa moto. Wafadhili wa Skandinavia, ambao walikuwa wamekisaidia chuo kwa muda mrefu, walikuwa sehemu ya maisha yake, na ukumbi ulijengwa upya. Lakini msaada wa mgeni ni mvua ya vuli: hunyesha, wala mkulima haiwekei mkataba. Ndipo mwaka 2007, chini ya Sheria ya Wakala wa Serikali ya mwaka 1997, chuo kikageuzwa kuwa wakala, kikaitwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, au kwa kifupi TaSUBa. Kilibaki mali ya umma chini ya wizara yenye kushughulikia utamaduni, lakini kilipewa uhuru zaidi wa kujiendesha, na pamoja na uhuru huo wajibu wa kujitafutia sehemu ya mapato na kutoa hesabu ya kazi yake.

Mpango wa namna hii haupo kwetu peke yetu. Huko Marekani jimbo la Minnesota lilipitisha mwaka 1991 sheria ya kwanza ya shule za mkataba. Shule ya namna hiyo hupewa fedha za umma na uhuru wa kujipangia mambo yake, lakini hutia sahihi mkataba unaotaja matokeo itakayoyatimiza, na ikishindwa yaweza kufungwa. Nyingi miongoni mwa shule hizo zimejichagulia shabaha moja, na zipo zilizochagua sanaa. Sheria zao na zetu si moja, lakini wazo ni jamaa: mpe mwalimu uhuru, kisha mdai matokeo. Ni wazo zuri. Ugumu wake umo katika neno la mwisho. Matokeo ya sanaa yapimwa kwa mizani gani?

Mizani ya mkaguzi hupima vitu viwili kwa urahisi: fedha zilizoingia na vyeti vilivyotolewa. Vyote viwili ni vya haki. Fedha za walipa kodi zahitaji hesabu, na kijana atokaye katika familia maskini ana haki ya kupata cheti kitakachotambuliwa na mwajiri. Kwa hiyo ni jambo jema kwamba masomo ya TaSUBa yamepangwa kwa ngazi za cheti na stashahada zinazotambuliwa na serikali. Lakini kila mlango huwa na kizingiti. Mwombaji wa masomo hayo hupimwa kwanza kwa ufaulu wake wa kidato cha nne, na katika elimu yetu yote mwalimu hupimwa kwa shahada. Basi na tujiulize bila woga: kama kijana Hukwe angefika leo kwenye lango letu, na ilimba yake chini ya kwapa, angeingia kwa mlango upi? Kama mwanafunzi, angeulizwa cheti cha shule. Kama mwalimu, angeulizwa shahada. Pengine angekaribishwa kwa siku moja, wakati wa tamasha, apige kisha apewe nauli.

Sisemi haya kwa kukilaumu chuo. Twajilaumu sisi sote, na hasa sisi tufundishao katika vyuo vikuu, kwani ndio tulioeneza imani kwamba ujuzi usiokuwa na karatasi si ujuzi. Twaandika tasnifu juu ya manju, lakini hatumpi manju kiti. Mwanafunzi hupata shahada kwa kueleza ufundi wa mzee, na mzee mwenyewe hufa akiwa msailiwa tu. Kwa muda wa miaka mingi Bagamoyo kilikuwa mahali ambapo aibu hiyo ilipunguzwa, na hilo ndilo jambo nilionalo kuwa kubwa katika historia yake, kuliko jengo na kuliko tamasha.

Dawa yake si ngumu, wala si lazima ibomoe utaratibu uliopo. Katika mkataba wowote baina ya serikali na chuo cha sanaa, na kiandikwe kifungu kimoja cha fundi mkuu: nafasi chache za kudumu, zenye mshahara na heshima, zitolewazo kwa mtu ajulikanaye na watu wake kuwa bingwa, awe ana cheti au hana, na ahukumiwe na mafundi wenzake. Apewe wanafunzi wawili au watatu, akae nao miaka, siyo wiki. Na miongoni mwa mafundi hao wasikosekane wa pwani yenyewe: fundi wa zumari, mwimbaji wa taarabu, mjuzi wa lelemama, ili kosa la miaka ile ya kwanza lisahihishwe. Na hesabu ya chuo itajapo fedha na vyeti, iongeze safu ya tatu: ni ufundi gani ulikuwa na mtu mmoja mwaka jana, na mwaka huu una watu watatu.

Wavulana wa Tanga waliofunzwa tarumbeta na mtawala mgeni hawakuulizwa maoni yao. Hata hivyo waliotuachia beni ni watu wa mitaani, siyo Kaisari. Leo mtawala ni sisi wenyewe, na chuo ni chetu. Ikiwa serikali ya kigeni, isiyotujali, iliweza bila kukusudia kututia ufundi uliodumu, serikali yetu inayotujali haina udhuru wa kuupoteza kwa kutafuta karatasi. Mcheza kwao hutuzwa. Lakini kwanza hana budi kuruhusiwa aingie uwanjani.